Naomba ushauri: mama anachanganya homeopathi na dawa za sukari

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine.

Mama yangu, naishi naye hapa Tabata, ana kisukari na anatumia metformin. Majuzi jirani kampeleka kwa mtaalamu wa homeopathi (aina ya tiba mbadala), karudi na vichupa viwili. Kimoja kina vidonge vidogo vyeupe, vitamu, kimeandikwa 30C. Kingine ni matone yenye harufu ya spiriti, lebo yake haielezi kilichomo.

Nimejisomea. Tiba hii aliianzisha Mjerumani Samuel Hahnemann mwaka 1796. Hiyo 30C maana yake dawa imezimuliwa moja kwa mia, mara 30, hadi kwa kawaida haibaki hata chembe ya kitu cha mwanzo. Kwa hiyo vidonge havinitishi sana. Matone ndiyo yananinyima usingizi, maana yasiyozimuliwa sana yanaweza kuwa na kitu chenye nguvu kweli. Marekani mwaka 2017 mamlaka ya dawa ilikuta vidonge vya homeopathi vya watoto wanaoota meno vina beladona (mmea wenye sumu) kuzidi kiasi kilichoandikwa.

Kubwa zaidi, mama ameanza kuruka metformin. Anasema hizi hazina kemikali. Na kliniki hataki kusema, anaogopa kugombezwa.

Naombeni mnisaidie: nimwambieje bila kumvunjia heshima? Matone niyapeleke kwa mfamasia, au nianze na daktari wake? Na kuna aliyewahi kuuliza Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kama mtaalamu fulani amesajiliwa? Utaratibu ukoje?