Mjadala: Januari 2028 itakapoleta makundi mawili, shule za bweni za kanisa zipanue au zisubiri?

Mtoa hoja (mjumbe wa bodi ya shule)

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa Tanzania, mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani watamaliza shule ya msingi pamoja, kwa hiyo Januari 2028 makundi mawili yataingia Kidato cha Kwanza kwa mpigo. Tuchukue mfano wa shule ya dayosisi yenye mikondo miwili, wanafunzi 40 kwa darasa, jumla 320. Hoja yangu ni kuanza sasa mkondo wa tatu wa kudumu. Tuitishe harambee sharikani, tuwaandikie usharika rafiki wa Ujerumani, na pengo litakalobaki tukope benki. Ni kweli tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne, na shule za kata zinazidi kujengwa. Lakini mzazi anayetuletea mtoto anafuata malezi, ibada na usimamizi wa jioni. Tukimfungia mlango mwaka huo, wadogo zake nao hawaji. Anayepinga alete hesabu.

Mhasibu wa shule

Milele amina. Mzee wangu, napinga hilo neno "kudumu". Makundi mawili yanaingia mara moja tu. Wataanza 2028, watamaliza 2031, na nyuma yao idadi inarudi kama kawaida. Mkondo wa tatu wa kudumu unatupeleka wanafunzi 480. Tukifungua mikondo minne kwa mwaka huo mmoja, halafu turudi miwili, kilele ni 400. Tofauti ya vitanda 80 ni bweni zima.

Pili, tuangalie madeni kabla ya harambee. Tuseme ada ni milioni 2 kwa mwaka. Kwa wanafunzi 320 hiyo ni milioni 640. Ikibaki asilimia 20 haijalipwa, tayari milioni 128 ziko mikononi mwa wazazi. Kuongeza wanafunzi bila kubadili namna ya kukusanya ni kuongeza deni kwa kiwango kilekile, huku chakula kikipanda papo hapo.

Na hapo kwenye chakula ndipo shule nyingi zinapokwama. Weka nusu kilo ya mahindi kwa mwanafunzi kwa siku, ukijumlisha ugali, uji na makande, kwa siku 260 za bweni. Wanafunzi 320 wanakula tani 41.6. Wakiwa 400 zinakuwa tani 52, yaani magunia 520 ya kilo 100. Fedha nyingi za ada huingia Januari, wakati gunia liko juu. Mahindi yanashuka bei Juni hadi Agosti, wakati akaunti imekauka na awamu ya Julai inaingia kwa kusuasua. Kwa hiyo shule inanunua kidogo kidogo mwaka mzima kwa bei ya dukani. Mtaji wa kununua magunia 500 kwa mkupuo wakati wa mavuno una faida kuliko jengo, lakini sijaona mfadhili anayeweka jiwe la msingi la mahindi. Na ukinunua mengi, yakaushwe unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, yafungwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, yapangwe juu ya chaga na mbali na ukuta. Vinginevyo dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, watakula mtaji na sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, itaingia jikoni.

Msimamizi wa ujenzi

Nakubaliana na mhasibu kuhusu idadi, ila bado mnahitaji vitanda 80 vipya, na hapa ndipo watu huiba nafasi. Wenzetu wa Kenya, katika mwongozo wao wa usalama shuleni wa 2008, wanataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, njia ya katikati isiyopungua mita 2, mlango kila mwisho wa bweni na wa dharura katikati, yote ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na nondo. Wameyajifunza kwa machozi. Katika moto wa shule ya Kyanguli mwaka 2001 walikufa wanafunzi 67 katika bweni ambalo mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo.

Pimeni wenyewe. Vitanda 40 vya ghorofa, yaani nafasi za wanafunzi 80, safu mbili za 20, kila kimoja upana wa sentimita 90 pamoja na nafasi yake ya mita 1.2, vinahitaji bweni la urefu wa mita 42. Ukipunguza nafasi hadi sentimita 60, jengo lilelile linaingiza wanafunzi 112. Kwenye ripoti ya bodi itaonekana mmepata nafasi 32 za bure. Usiku wa moto ndio mtajua zilikuwa za bei gani. Jengeni mabweni mawili ya wanafunzi 40 kila moja, nyaya za umeme zipite kwenye bomba, na soketi za kuchajia zikae ofisi ya mlezi, si kitandani.

Matroni

Msisahau vyoo na maji. Kipimo cha tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25 kinafaa shule ya kutwa. Bwenini wote wanataka choo na bafu ndani ya nusu saa kabla ya ibada ya asubuhi, kwa hiyo zidisheni. Maji wekeni lita 20 kwa kila mtoto kama vyoo ni vya shimo, na ongezeni lita 15 kama ni vya kuvuta. Watoto 80 wapya wenye vyoo vya kuvuta ni lita 2,800 kwa siku. Simtanki moja la lita 5,000 halimalizi siku mbili pampu ikiharibika.

Mwalimu wa taaluma

Mikondo miwili ya ziada ni kama vipindi 80 kwa wiki. Mwalimu mmoja akibeba 24, mnahitaji walimu wanne kwa miaka minne, na ajira za serikali zikitangazwa, wa sayansi ndio wa kwanza kuondoka. Halafu mwaka 2031 kidato cha nne kitakuwa na watahiniwa 160 kwenye maabara ya watu 40. Hizo ni zamu nne kwa kila somo la vitendo, huku waliomaliza wakitengwa na wanaosubiri. Inawezekana, lakini kemikali na vifaa viagizwe mapema.

Mtoa hoja

Nimeelewa, naondoa neno "kudumu". Ila mkopo bado nautetea. Harambee ya Jumapili moja huleta ahadi nyingi kuliko fedha, na mfadhili wa nje hujibu kwa kalenda yake. Januari 2028 haitungoji.

Mchungaji, mwenyekiti wa bodi

Mzee, hati ya kiwanja iko kwa Bodi ya Wadhamini wa Dayosisi. Mkuu wa shule hawezi kuiweka rehani, na sitaomba ridhaa hiyo kwa ajili ya kundi la miaka minne. Tukishindwa kulipa, kinachopigwa mnada ni shamba la kanisa. Tena kuna jambo halijaguswa. Ada ikipanda kulipia rejesho, watoto wa washarika wetu wakulima ndio wa kwanza kuondoka.

Mhasibu wa shule

Kama ni lazima kukopa, tuchukue mkopo wa kununua mahindi ya mavuno tu, wa miezi michache, bila rehani ya ardhi, na marejesho yafuate miezi ya ada. Rejesho la kila mwezi kwa shule inayopokea fedha mara nne kwa mwaka lina maana ya kuchelewesha mishahara. Usharika rafiki waombwe mabweni mawili, matangi na jiko, kwa sababu jengo linaonekana kwenye picha na wao hulipenda. Jiko lisiachwe: mwaka 2023 serikali ilitangaza ukomo wa kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100, halafu 300, na sisi tumeshavuka. Gesi ya mitungi ya kilo 38 kwa maharage ni ghali, kwa hiyo yalowekwe usiku kucha. Harambee ya nyumbani iwe ya mfuko wa ada wa watoto wasiojiweza, akaunti yake pekee, isitumike hata kwa saruji.

Mtoa hoja

Na walimu wanne tunawaajiri kwa mkataba wa miaka minne, au wa kudumu?

Mwalimu wa taaluma

Wawili wa kudumu, wa Fizikia na Hisabati, maana hao tunawahitaji hata leo. Wawili wa mkataba hadi Desemba 2031, na waelezwe hivyo siku ya usaili.