Tupeane uzoefu: kujifunza kuandika mifumo ya wavuti inayogawanywa kwenye seva nyingi

Mwanzilishi, Kampala
Wadau, Spring Boot (zana ya Java ya kuandikia huduma za wavuti) wengi wetu tunaijua. Mtihani unaanza pale mfumo unapogawanywa: huduma ya oda huku, ya malipo kule, ya stoo kwingine. Kila mmoja aweke linalowakwamisha wanaojifunza na jinsi ya kulitatua. Naomba namba na amri, tusiishie kwenye "soma kwa bidii".

Mchangiaji, Ntinda
Anzeni na malipo ya simu. Mteja yuko soko la Owino, amebonyeza "Lipa" ya 50,000. Seva yako imetuma ombi, sekunde 30 zimepita, jibu hakuna. Pesa imekatwa au haijakatwa? Ukiwa upande wako huwezi kujua. Kutojibiwa si kukataliwa, na anayelichukulia hivyo atatuma ombi jipya na kumkata mtu 100,000.

Tengeneza namba ya kipekee (UUID) kabla ya kutuma, iandike kwenye databesi ikiwa na hali INASUBIRI, ndipo utume. Ukirudia, rudia na namba ileile. API (njia ya programu kuzungumza na programu nyingine) ya MoMo, malipo ya simu ya MTN, inakwenda hivyo: namba inakaa kwenye kichwa cha ombi kiitwacho X-Reference-Id, na jibu la 202 maana yake ombi limepokelewa tu, pesa bado. Hali ya malipo unaiuliza baadaye kwa namba hiyohiyo. Kwenye jedwali lako weka UNIQUE (sharti la kukataa namba inayojirudia) juu ya safu ya namba hiyo. Msitegemee "angalia kwanza kama ipo", kwa sababu nakala mbili za huduma (programu ileile ikiendeshwa mara mbili) zinaweza kuangalia kwa pamoja, zote zikaona haipo, zote zikatuma.

Na shilingi yetu haina senti. Katika ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha sarafu, UGX ina desimali 0. KES (Kenya) na TZS (Tanzania) zina 2. Msimbo unaozidisha kila sarafu kwa 100 utafanya 5,000 iwe 500,000.

Mchangiaji, Mbale
Mimi nasisitiza hesabu ya miunganisho ya databesi. Databesi ya PostgreSQL ikiachwa ilivyo inaruhusu 100, na 3 kati yake imetengewa msimamizi. HikariCP, inayotunza miunganisho hiyo upande wa Java, inashika 10 kwa kila nakala ya huduma. Nakala 9 zinatosha. Ya 10 inapata 7 na kuanza kulalamika "remaining connection slots are reserved". Kumbukeni kwamba wakati wa kupandisha toleo jipya, nakala za zamani na mpya zinaishi pamoja kwa muda. Hesabuni zote.

Kosa baya zaidi ni kuita huduma ya nje ndani ya @Transactional (alama ya Spring inayofungua muamala wa databesi). Muunganisho unabaki umeshikwa muda wote unaosubiri jibu. Malipo 10 yakikwama, miunganisho yote 10 imekwisha, na hata ukurasa wa kuonyesha bei, usiohusiana na malipo kabisa, unaganda. Andika, funga muamala, ita huduma ya nje, kisha fungua muamala mwingine uandike jibu.

Mchangiaji, Jinja
Naongeza kuhusu kurudia maombi. Kama lango (huduma inayopokea maombi ya wateja kwanza) linajaribu mara 3, huduma ya oda mara 3, na ya stoo mara 3, bonyezo moja la mteja linaweza kuiangushia databesi maombi 27, tena wakati imeshalemewa. Chagueni tabaka moja tu la kurudia. Subirini sekunde 1, 2, 4, 8, na kila mara ongezeni muda kidogo wa kubahatisha ili nakala zote zisirudi kwa mpigo.

Mchangiaji, Gulu
Kwa wenye bando dogo: mkipata Wi-Fi, endesheni `mvn dependency:go-offline` inayopakua maktaba za mradi, kisha nyumbani mjenge kwa `mvn -o package`. Picha za Docker (vifurushi vya programu vilivyo tayari kuendeshwa) zihamishwe kwa flashi, `docker save` upande mmoja na `docker load` upande wa pili. Kuhusu memori, Java ndani ya kontena (picha ikiwa inaendeshwa) la 1 GB inajipa robo tu ya kuwekea data zake (heap), yaani 256 MB. Wekeni `-XX:MaxRAMPercentage=70`. Msipeleke hadi 100; nyuzi (threads) na metaspace (sehemu ya taarifa za madarasa ya Java) zinakula nje ya hiyo hesabu, na kontena litauawa kwa msimbo 137.

Mchangiaji, Mbarara
Haya yote yanajaribika kwenye laptopu moja, ndugu zangu, na msipoyajaribu hayataingia. Washeni huduma ya oda na ya malipo kwa Docker Compose (zana ya kuwasha makontena kadhaa pamoja). Kwanza `docker compose stop malipo`: kosa linarudi upesi, mtumiaji anaambiwa. Iwasheni tena, kisha `docker compose pause malipo`. Sasa hakuna anayekataa na hakuna anayejibu. HttpClient ya Java, inayotuma maombi kwa huduma nyingine, haina kikomo cha kusubiri msipokiweka, kwa hiyo bonyezeni "Lipa" mara 10, kisha fungueni ukurasa wa bei. Kama malipo yanaitwa ndani ya @Transactional, mtaona kile alichosema wa Mbale. Wekeni sekunde 2 za kuunganisha na 5 za kungoja jibu, rudieni, halafu `docker compose unpause malipo` na mhesabu kwenye jedwali: maombi yaliyokuwa yamekwama yataingia yote, na hapo ndipo UNIQUE ya wa Ntinda inapofanya kazi.