Ushauri: fomu ikibadilika tunagusa kodi ya programu sehemu tano, nataka kuhamia kwenye modeli

Fundi_Soweto (Moshi): Wakuu, habari za jioni. Tunatunza mfumo wa kituo cha afya hapa Moshi, umeandikwa kwa Java, data iko kwenye kanzidata ya PostgreSQL. Rejista ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) ikiongezewa kipengele kimoja, tunagusa jedwali, darasa la Java, fomu, ukaguzi wa data na ripoti. Sehemu moja tu ikisahaulika, takwimu za mwezi hazilingani na rejista. Nataka modeli moja, yaani maelezo ya vipengele vyote mahali pamoja, izalishe vyote hivyo. Nianzie wapi, na watu huumia wapi? Tuko wawili tu.

Mwanakibosho: Mkuu, anza na wagonjwa wa nje peke yake. Modeli iwe maandishi, siyo mchoro, ili Git, inayotunza historia ya kodi, ionyeshe mstari uliobadilika. Xtext inakuwezesha kutunga lugha yako mwenyewe ya kuandikia modeli, ila kwa watu wawili faili za maandishi za YAML na tempuleti za FreeMarker za kuzalisha kodi zinatosha kabisa. Kodi iliyozalishwa ikae folda yake na isiguswe kwa mkono, maana mkizalisha upya mliyoongeza yanafutika. Sheria zenu, kama msamaha wa malipo, ziandikeni kwenye darasa linalorithi lile lililozalishwa. Seva ya majaribio izalishe upya kila mnapopakia kazi. Ikikuta tofauti na kilichomo Git, ikatae.

Dada_Kanzidata (Arusha): Naongezea panapopotea data. Ukibadili jina la kipengele, kizalishi (programu inayozalisha kodi) hakijui kuwa ni kilekile. Kinaona kimoja kimeondoka, kingine kimekuja, kinaandika DROP COLUMN (futa safu) halafu ADD COLUMN (ongeza safu), na vipimo vyote vya nyuma vimekwenda! Kila kipengele kipeni namba ya kudumu isiyobadilika hata jina likibadilika. Mabadiliko ya kanzidata yaandikeni wenyewe kwenye Flyway, zana ya kupanga mabadiliko ya kanzidata, kwa RENAME COLUMN (badili jina la safu), na myajaribu kwenye nakala iliyoondolewa majina ya wagonjwa.

Fundi_Soweto: Shukrani sana. Presha tunaihifadhi "120/80" kwenye safu moja ya maandishi. Iingie hivyohivyo?

Dada_Kanzidata: Hapana, ndugu yangu. Huwezi kumtafuta kirahisi mwenye 140 kwenda juu ndani ya maandishi. Weka namba mbili, kipimo mm[Hg], msimbo wa LOINC (orodha ya kimataifa ya misimbo ya vipimo) 8480-6 kwa ya juu na 8462-4 kwa ya chini. Arketipu ya presha, yaani kielelezo tayari cha kipimo hicho, ya openEHR (viwango huria vya rekodi za afya) ina pia mkao wa mgonjwa na ukubwa wa kitambaa cha kupimia. Chukua tu mnachorekodi kweli. Wakati wa kuhamisha, gawa penye mkwaju. Zisizogawanyika, kama "120-80" au "hajapimwa", zipeleke jedwali la pembeni muuguzi azipitie. Msijaze sifuri, itahesabiwa kama kipimo na kushusha wastani.

Mwanakibosho: Na makundi ya umri ya ripoti msiyafunge ndani ya modeli. Yawe data, yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha kutumika, la sivyo ripoti ya mwaka jana ikichapwa leo itatoka na makundi mapya. Umri uhesabiwe kwa tarehe ya hudhurio, siyo ya leo.