Rais wa Marekani: ndoa yake inatuhusu, au afya yake?

Wakuu, kila Marekani ikichagua rais hoja hii hurudi: aliyeshindwa na nyumba yake hataiweza nchi. Naikataa.

Nixon alidumu na mkewe Pat mpaka kifo. Kilichomng'oa Agosti 1974 ni kanda zilizorekodiwa ofisini kwake mwenyewe, akisikika anapanga CIA iwazuie FBI wasichimbe zaidi Watergate, kashfa ya watu wake kuvunja ofisi za chama pinzani. Carter, mwalimu wa shule ya Jumapili na ndoa ya miaka 77, wapiga kura walimtoa baada ya muhula mmoja. Clinton mnamjua. Bunge la Wawakilishi lilimshtaki Desemba 1998 kwa uongo chini ya kiapo kuhusu kimada wake na kuzuia haki, Seneti ikamwachia, na bajeti ya serikali yake ilikuwa na ziada. Mtanitajia Trump na makosa 34 ya mwaka 2024. Sawa, ila alitiwa hatiani kwa kughushi kumbukumbu za biashara, kuficha malipo ya kumnyamazisha mwanamke aliyedai kulala naye. Uzinzi haukuwa shtaka.

Afya ndiyo inayotuhusu. Oktoba 1919 Wilson alipata kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Mkewe Edith na daktari wakafunga mlango. Mawaziri wanaleta karatasi, mama anaingia nazo chumbani, anatoka na jibu, mara nyingine kwa mwandiko wake mwenyewe. Desemba maseneta wawili wakaenda kumhakiki. Wakamkuta kitandani, mkono uliopooza umefunikwa shuka, wakatoka wameridhika! Huku nyuma Mkataba wa Versailles, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ulikuwa umeanguka Seneti, na mgonjwa hataki kulegeza hata neno. Nani alimpigia kura Edith?

Roosevelt naye aligombea mara ya nne mwaka 1944 ilhali madaktari wake walishajua moyo umechoka. Akafa Aprili 1945, nchi ikiwa vitani, akamwachia Truman ambaye hata mradi wa bomu la atomiki hakuwa ameelezwa kwa kina. Kennedy, watu wake walikanusha ugonjwa wake wa Addison, unaodhoofisha tezi zilizo juu ya figo, ili ashinde. Wanaume hawa tunawasimulia kwa vimada vyao, wakati lililofichwa hasa lilikuwa faili la daktari.

Marekebisho ya 25 ya katiba, ya mwaka 1967, yanamruhusu makamu na mawaziri walio wengi kutangaza kwamba rais hawezi kazi. Lakini mawaziri hao kawateua yeye. Mnaotetea faragha ya rais, nijibuni: nani awe na mamlaka ya kumpeleka kwa daktari asiye wake?