Tupeane uzoefu: rafiki uliyekua naye tangu utotoni akifariki, msibani unakaa wapi?

Mchunga wa Hombolo
Mbukwenyi wakuu. Tumemzika swahiba wangu huku Hombolo, Dodoma. Tulichunga pamoja, tukaingia jando msimu mmoja, na tulipopata mashamba ya zabibu tukahakikisha yamepakana. Makaburini wasifu ukasomwa: ameacha mjane, watoto, wajukuu, kaka zake, mpaka shangazi aliyeko Manyoni akatajwa. Mimi nimesimama nyuma na watu waliokuja na lori. Silalamiki, wasifu ndivyo unavyoandikwa. Lakini habari zote za ujana wake zilizosomwa pale, mimi nilikuwepo, na aliyesoma hakuwepo. Mwaka wa kujiunga na shule wenyewe wameukosea, na nani wa kuwasahihisha kaburini?

Kinachonimaliza ni shamba. Alikuwa amepogolea (kukata matawi) mizabibu yake wiki chache kabla hajaugua. Mnaolima mnajua, ukishapogolea una kama miezi minne mpaka kuvuna, na mzabibu hausubiri matanga yaishe. Sasa imechanua, watoto wote wako Dar, ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, unanyemelea. Napuliza salfa mimi, kwake kwanza halafu kwangu. Kila nikifika mwisho wa mstari nageuka kumwambia kitu.

Waliopita hapa walifanyaje?

Nzuguni Stendi
Pole sana mzee wangu. Hapo pa kugeuka umenigusa.

Karani Mstaafu
Pole mkuu. Nimefanya kazi za utumishi maisha yangu yote, na hili jambo liko mpaka kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo akifiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mtoto, mjukuu, kaka au dada. Rafiki hayumo. Nilikuwa napokea barua za watu wanaoomba ruhusa ya kumzika mtu waliyelala naye kitanda kimoja bweni zima la ujana wao, na fomu haina pa kumwandika. Wengi walikatiwa kwenye likizo yao ya mwaka.

Mama Kondoa
Nyie wanaume ndio mnakosa pa kukaa kwa sababu mnakaa kwenye viti. Rafiki nafasi yake ni kazi. Shoga yangu alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliomwosha, na nikitoka hapo nikaingia jikoni. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Dada zake wa damu ndio walikuwa wananiuliza mimi chumvi iko wapi, maana nyumba ile naijua kuliko wao. Mchunga, unavyopuliza hiyo salfa umeshakaa mahali pako. Mola akupe subira.

Kijana wa Kizota
Naunga mkono hoja ya mama.

Meza ya Sabasaba
Huwa sichangii, nasoma tu. Leo nimeshindwa.

Rafiki yangu alikufa kwenye ile ajali ya treni ya tarehe 24 Juni 2002. Tulikuwa na meza moja ya mitumba soko la Sabasaba hapa Dodoma, yeye ndiye alikuwa anashuka Dar kuchukua mabelo. Treni ilitoka Dar, ilipofika kwenye mlima maeneo ya Igandu, upande wa Mpwapwa, ikashindwa, ikarudi nyuma kwa kasi mpaka ikagongana na treni ya mizigo. Habari zilipofika mjini nilifunga meza nikakimbilia stesheni, kila mtu anasema lake.

Maiti zililetwa Uwanja wa Jamhuri. Mnajua Dodoma mwezi wa sita, baridi na upepo wa vumbi. Watu wamejifunika kanga na vitenge mpaka puani, unasikia mtu anapiga yowe huku, ukigeuka mwingine ameanguka kule. Nikamkuta kaka yake mkubwa anatoka. Akaniambia, "Nimepita yote, hayupo, labda alishukia Morogoro." Nikataka kumwamini. Miguu ikakataa kuondoka.

Mwenye daftari akaniuliza, "Wewe ni nani yake?" Nikasema rafiki. Akasema wanaanza ndugu. Nikasema basi ni kaka yangu. Akaandika.

Wakuu, sura haikuwa ya kutambulika na nguo zilikuwa za watu wote, sitaeleza zaidi. Mimi nilikuwa naangalia miguu. Tulipokuwa watoto tulilima karanga kwa babu yake, jembe likamkata kidole gumba cha mguu wa kulia, ukucha haukuota tena. Mimi ndiye niliyemfunga kile kidonda kwa kipande cha shati langu. Kaka yake wakati huo alikuwa anasoma mbali. Nilikwenda mguu kwa mguu mpaka nikaufikia ule mguu. Nikakaa chini hapo hapo.

Wale ambao hawakutambuliwa walizikwa pamoja makaburi ya Maili Mbili. Yeye ana kaburi lake kijijini kwao na mama yake alikuwa akilifagia mpaka alipofariki naye. Mchunga, usiseme hukuwa na nafasi.

Nzuguni Stendi
Dah.

Mama Kondoa
Mwanangu, nimelia mpaka wajukuu wamekuja kuniuliza.

Bahi Mpunga
Mimi nilikuwa darasa la tano. Nakumbuka mwalimu alituambia wamekufa zaidi ya mia.

Karani Mstaafu
Waliokufa ni 281. Tuwe waangalifu na hesabu za watu.

Bahi Mpunga
Mzee, nimesema alichosema mwalimu siku ile, sijabisha.

Mtani wa Iringa
Poleni Wagogo. Mimi ni Mhehe, na msiba wa rafiki yangu Mgogo nilikaa mbele kabisa, kwa sababu ni mtani. Nilivaa koti lake na kofia yake, nikatembea kwa madaha kama yeye, nikawadai watoto wake ng'ombe kwa sauti yake. Mjane alicheka, na alikuwa hajafungua mdomo tangu hospitali. Ningekuwa rafiki tu ningekaa kwenye kiti nalia.

Mlokole wa Area C
Hilo ndilo tunalolikemea. Marehemu hajazikwa, mtu anavaa nguo zake! Familia zilizookoka hazitaki hayo.

Mtani wa Iringa
Familia ile imeokoka, na mchungaji alikuwepo. Aliniongezea elfu mbili.

Mama Kondoa
Utani una mipaka, lakini usiukemee usiozaliwa nao. Turudi kwa Mchunga.

Kijana wa Kizota
Mzee Mchunga, ushauri wangu futa namba yake kwenye simu. Ukiiona kila siku hutapona.

Nzuguni Stendi
Usifute kabisa! Mimi namba ya jamaa yangu ninayo, na jumbe za sauti alizonitumia nazisikiliza nikiwa safarini.

Bahi Mpunga
Nenda kwa mjane mara kwa mara, apate mtu wa kuongea naye habari za mumewe.

Mlokole wa Area C
Aende na mkewe. Kijijini maneno hayakawii, na mjane ndiye atakayeumia.

Meza ya Sabasaba
Hapo naungana na Mlokole. Na wale watoto wafundishwe kupogolea msimu ujao. Mchunga, ukiwa na nafasi tupe namba ya familia tuchangie dawa ya shamba.

Mchunga wa Hombolo
Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Meza ya Sabasaba, nimerudia maneno yako nikiwa na mke wangu. Kuhusu mchango, msitume chochote kwanza. Msemaji wa familia ni mdogo wake, nitamfuata jioni nimwombe ruhusa. Akikubali naweka namba hapa.