Betri ya gari kufa nyumbani kipindi cha baridi: wa Mbeya, Iringa na Njombe tupeane uzoefu

Mwanauyole
Wakuu, habari za asubuhi. Leo jirani yangu hapa Uyole kaamka awahi kazini, gari inatoa tik-tik-tik tu, taa za dashibodi zinafifia kila akizungusha ufunguo. Nikakumbuka yaliyonikuta mwaka juzi, mwezi wa saba. Betri ilinifia ndani ya geti, fundi hapokei simu, na mke wangu anatakiwa stendi kuwahi basi la Dar. Nilifuata betri mpya kwa bodaboda nikaifunga mwenyewe, spana namba 10 mkononi. Tangu hapo kazi hiyo simwiti mtu.

Ninachosisitiza ni mpangilio. Kufungua unaanza na hasi, ndipo chanya. Kufunga ni kinyume, chanya kwanza na hasi mwisho. Bodi nzima ya gari ni hasi, kwa hiyo ukianza kulegeza chanya huku hasi bado imefungwa, spana ikigusa chuma chochote ni shoti, cheche zinaruka na spana inaweza kung'ang'ania hapo hapo. Mwenye pete aivue kabisa. Wengine yaliwakutaje?

MamaMbao_Mafinga
Hiyo tik-tik naijua vizuri. Mafinga mwezi wa saba ndiyo unayoamkia.

SpanaKumi
Mimi ni fundi umeme wa magari, Mwanjelwa. Naomba watu wapime kabla ya kununua. Mita ndogo tu inatosha. Gari ikiwa imelala usiku kucha, volti 12.6 betri imejaa, 12.4 ipo kama robo tatu, 12.0 iko hoi. Mtu akipiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi. Ikishawaka, pale pale kwenye betri usome 13.8 hadi 14.4. Ukiona imebaki 12 na inazidi kushuka, hapo ni alteneta, ile inayochaji betri, au mkanda wake umelegea. Nunua betri hata tatu, zote zitakufa. Inaniuma kuona mtu kaingia gharama ya betri mpya kumbe shida ni mkanda.

Halafu angalia tamino, vile vibano vya waya kwenye betri. Ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme kupita. Magari mangapi yanaletwa kwangu yakivutwa, nakwangua tamino, nakaza, gari inawaka. Maji ya moto, magadi kidogo, mswaki wa zamani, kausha, kaza, paka grisi. Tamino ikizunguka kwa mkono ujue haijakazwa.

ParachichiNjombe
Nimesoma hapa mpaka mikono inatetemeka, acha niandike.

Ilikuwa Juni, Njombe, saa nane usiku. Mtoto wangu wa pili ana pumu, na baridi ile ilimkamata vibaya, anavuta pumzi unaona mbavu zinaingia. Baba yao alikuwa safarini Songea. Namkimbiza mtoto kwenye gari, nazungusha ufunguo, kimya. Hata hiyo tik hakuna. Kioo cha mbele kimeganda barafu nyembamba, nakikwangua kwa kadi ya benki huku nalia.

Nikamwamsha jirani, Mungu ambariki, alikuja na kaptula na blanketi. Hakuwa na waya za kubusti, zile za kuazima umeme wa gari jingine. Akatoa betri ya gari yake, akaiweka kwenye yangu, ikawaka mara moja. Nikashukuru Mungu. Sasa akasema anataka betri yake, tuirudishe yangu huku gari inanguruma, ndivyo wanavyofanya siku zote. Akalegeza tamino akainyanyua. Taa za mbele ziliwaka kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona, ukuta wote wa jirani ukawa mweupe, kisha giza. Injini ikazima. Ikaja harufu ya plastiki inayoungua.

Mtoto alifika hospitali kwa bodaboda, katikati yangu na dereva, nimemfunika mablanketi mawili. Alipona, yuko darasa la nne sasa. Gari ilikaa muda mrefu, kontroboksi, yaani kompyuta ya gari, ilikuwa imeungua pamoja na alteneta. Jirani yangu simlaumu hata kidogo, alitoka kitandani kwa ajili yangu. Lakini nawaomba, mwenye mtoto mgonjwa nyumbani asisubiri betri ife. Ikianza kuzungusha stata kivivu, badilisha.

MamaMbao_Mafinga
Pole sana mama. Nimelia.

DerevaMstaafu_Makambako
Pole dada yangu. Ila hilo la kutoa betri gari ikiwaka mimi nimelifanya miaka yote barabarani, Tunduma mpaka Kitonga, halijawahi kuniunguzia kitu. Itakuwa alteneta yake ilikuwa na matatizo tayari.

SpanaKumi
Mzee shikamoo, lakini hapa nakupinga. Magari uliyoendesha ya dizeli ya zamani hayakuwa na kompyuta. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiitoa ghafla injini ikizunguka, volti zinaruka juu sana kwa nukta moja tu, na hiyo nukta inatosha kuua kontroboksi. IST, Noah, Premio, zote hizi usithubutu.

DerevaMstaafu_Makambako
Marahaba. Mafundi wa siku hizi mnatisha watu ili wawaite.

SpanaKumi
Mzee, hela ya kontroboksi haiji kwangu, inakwenda kwa muuza spea. Nasema ili mtu asipoteze gari. Na malori yenu ni volti 24, betri mbili zimeungwa. Mtu akiomba kubustiwa na lori, waya ziwekwe kwenye betri moja tu kati ya hizo mbili, zisikamate zote. Hilo nalo nimeona likiua magari hapo hapo Makambako.

DerevaMstaafu_Makambako
Hilo la 24 nakubaliana nawe.

Mkinga_wa_Bulongwa
Sisi Makete dawa ni moja. Jioni unafungua betri unalala nayo ndani karibu na jiko. Asubuhi ina joto, gari inawaka yenyewe. Betri ya baridi nguvu zake zinapungua na oili ya injini inakuwa nzito, stata inabeba mzigo mara mbili.

Mwanauyole
Kila siku ufungue ufunge? Saa na redio si vinajifuta?

TukuyuMvua
Jamani jamani, karibu na jiko? Mkinga, ndugu yangu, acha hiyo leo hii!

Kaka yangu wa kuzaliwa tumbo moja aliweka betri stoo ichajiwe usiku. Tukuyu mvua haikatiki, kwa hiyo kafunga mlango na dirisha. Alfajiri kaingia kuangalia maji ya betri, stoo ina giza, kawasha kiberiti akakisogeza kwenye tundu. Betri ikichajiwa inatoa haidrojeni, na ile gesi ilikuwa imejaa stoo nzima. Mlio ulisikika mpaka barabarani. Tulimkuta ameshika uso, shati linatoboka matundu tukiliangalia, asidi inakula kitambaa. Mama akamburuta mpaka kwenye ndoo ya maji ya mvua, akawa anammwagia machoni bila kuacha, kaka anapiga kelele, mama haachi.

ParachichiNjombe
Yesu wangu! Macho vipi?

Mnyalu_Kihesa
Tuambie basi alipona?

MamaMbao_Mafinga
Mngemwekea maziwa, yanapoza.

TukuyuMvua
Hapana mama, maji safi tu. Daktari Mbeya alituambia yale maji ya mama ndiyo yaliyookoa jicho la kulia. Asidi ikiingia jichoni ni maji mengi, dakika 20 au zaidi, halafu hospitali. La kushoto anaona kama ukungu. Anaendesha shamba la chai, yuko salama.

Mkinga_wa_Bulongwa
Nimekusikia ndugu. Nyumbani kwetu jiko ni la kuni. Nahamishia banda la nje kuanzia leo.

SpanaKumi
Hata banda liwe na upepo. Na mnapobusti, waya wa mwisho, ule wa hasi, ufungeni kwenye chuma cha injini ya gari iliyokufa, mbali na betri, ili cheche isiruke penye gesi. Betri ya zamani msiiache uani watoto wakachezea, madini ya risasi yaliyomo ni sumu. Asidi msimwage kwenye migomba. Wanunua skrepa wanaichukua nzima.

Mnyalu_Kihesa
Kamwene. Nimehamia Iringa na gari kutoka Dar, betri kule haikuwahi kunisumbua, hapa wiki ya kwanza ya Juni ikagoma. Nimeelekezwa betri ya saizi NS40. Dukani nikute nini nisidanganyike?

SpanaKumi
Kamwene mkuu. Joto la Dar lilishaichosha, baridi ya huko imeionyesha tu. Nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha upana, urefu, na chanya iko upande gani: herufi L au R kwenye namba ya betri inaeleza. Kichwa cha chanya ndicho kinene. Waya usipofika, usiugeuze wala usiuvute, rudisha betri dukani. Ukifunga kinyume unaunguza fyuzi kubwa na alteneta.

Mnyalu_Kihesa
Yangu imeandikwa L. Nakwenda sasa hivi kabla hawajafunga.

TukuyuMvua
Mwambie muuzaji akupimie volti kabla hujalipa. Ikiwa chini ya 12.4 imekaa sana dukani, omba nyingine.

Mwanauyole
Ndaga fijo wote. Jirani nimempimia, imesoma 11.8. Tunakwenda Mwanjelwa mchana.