Tupeane uzoefu: kujitolea kukarabati nyumba kongwe ya shamba

Mwenye uzi: Wakuu, uzi huu ni wa nyumba za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, zile za mashamba ya zamani huku kwetu pwani ya Dar. Watu wa kujitolea wapo, nguvu wanazo, ila nguvu bila utaalamu hubomoa zaidi ya mvua. Leteni vipimo, mpangilio wa kazi na vinavyoharibika.

Mzee wa Mwiko: Anzeni juu. Paa, gata na mifereji kwanza, kuta baadaye. Ukuta ukipigwa lipu huku maji bado yanaingia kwa juu, ni hasara tupu. Ardhi kuzunguka msingi iteremke kwenda nje.

Halafu saruji muiache kabisa. Matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa, na saruji huziba njia hiyo. Maji yanabaki ndani pamoja na chumvi, chumvi ikikauka inageuka chembe na kuumumunya mwamba nyuma ya lipu. Nje ukuta unaonekana mzima. Gonga kwa kifundo cha kidole, utasikia uwazi.

Mchanganyiko ni ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga. Mchanga wa mto, uliochekechwa. Wa ufukweni una chumvi, hata ukiwa wa bure. Kuujua mchanga, tia kwenye chupa ya maji, tikisa, acha utulie: tope likikaa tabaka nene juu, uoshwe au urudishwe. Chokaa ya unga ya mfuko iloweke walau siku nzima. Ya mabonge kutoka tanuruni ikae majini wiki kadhaa, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika.

Kwangua viungo vilivyooza, piga brashi, lowesha ukuta, jaza mashimo makubwa kwa vipande vya matumbawe, ndipo upige lipu. Kila tabaka lisizidi kama milimita 10. Funika kwa magunia mabichi siku kadhaa, maana jua la hapa hukausha chokaa kabla haijashika, nayo hupasuka na kutoa unga.

Binti Kigamboni: Mzee, mafundi wengi husema saruji kidogo tu haina neno, inaharakisha.

Mzee wa Mwiko: Inaharakisha kweli, mwanangu. Ila ugumu na chumvi zake vinabaki ukutani. Kama haraka ndiyo shida, pangeni kazi baada ya masika, Juni hadi Septemba.

Mlinzi wa Zana: Chokaa ya mabonge hutiwa kwenye maji, kamwe usimwagie maji juu yake, huchemka na kuruka. Miwani ya kazi, glavu, gambuti, na ndoo ya maji safi kando. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi papo hapo, kisha hospitali. Paa la zamani likiwa la asbesto, kundi la kujitolea lisiliguse. Vumbi lake huua mapafu polepole.

Mtu wa Boriti: Boriti huoza kwenye ncha iliyozama ukutani. Choma kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, tegemeza dari kwa nguzo kabla ya kuitoa. Mikoko, miti inayotoa boriti, haikatwi kiholela, kibali ni cha Wakala wa Huduma za Misitu. Na mtini uliochipua ukutani msiung'oe, mizizi itatoka na mawe. Kata shina, ua kisiki, subiri kikauke.

Mwenye uzi: Upande wa karatasi?

Mtu wa Boriti: Mwenye mali atoe idhini ya maandishi. Kisha uliza Idara ya Mambo ya Kale kama jengo linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kabla hata mwiko mmoja haujagusa ukuta. Piga picha kila chumba, na kila mlango unaong'olewa uandikwe namba pamoja na fremu yake.

Binti Kigamboni: Anayetaka kuona ukuta wa matumbawe uliotunzwa, Boma la Kale liko Sokoine Drive, la miaka ya 1860.

Mlinzi wa Zana: Na fundi mmoja asipewe zaidi ya watu watano. Wa sita huanza kupiga lipu peke yake.